Mashauri kwa Wenye Magari: Gari Linapotetemeka

Bwana mmoja, mkulima wa Bura, ametuandikia akitaka shauri. Gari lake, asema, huenda vizuri katika njia ya vumbi. Lakini akishika lami kwenda Garissa, na mwendo ukafika kilometa 90 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwake. Fundi amemwambia anunue shokapu nne mpya. Naye auliza: je, auze mbuzi azinunue?

Jibu letu ni hili: asiuze mbuzi bado. Kwanza na ajiulize maneno mawili. Gari hutetemeka wakati gani? Na mtetemo huo huusikia wapi, mikononi au kitini? Mtu ajuaye kuyajibu haya amekwisha maliza nusu ya kazi ya fundi.

Ikiwa gari hutetemeka kila lifikapo mwendo fulani, hata kama hujagusa breki, basi shaka ya kwanza ni magurudumu. Ukisikia mtetemo katika usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi katika kiti na sakafu, tazama ya nyuma. Lakini ikiwa gari limetulia, na kutetemeka huanza pale tu ukanyagapo breki, basi shaka ni breki zenyewe.

Tuanze na magurudumu. Mpira wa gari dogo ukizunguka mara moja hupita karibu mita 2 za barabara. Mwendo wa kilometa 90 kwa saa ni mita 25 kila sekunde. Kwa hiyo mpira huo huzunguka zaidi ya mara 12 katika sekunde moja. Ikiwa upande mmoja wa rimu umezidi uzito kwa gramu 50 tu, uzito huo mdogo hulivuta gurudumu huku na huku kwa nguvu ipatayo kilo 5 au 6. Ukipunguza mwendo hadi kilometa 45, nguvu hiyo hubaki robo yake tu. Ndiyo maana gari la bwana wetu hutulia katika vumbi, likasumbua katika lami.

Na gramu hizo 50 hutoka wapi? Sisi tukaao kando ya Mto Tana twajua udongo wetu mweusi wakati wa mvua. Hujishindilia ndani ya rimu, upande usioonekana, kisha hukauka ukawa kama tofali. Mimi mwenyewe niliwahi kumlipa fundi aniwekee viungo vipya vya usukani, na gari likaendelea kutetemeka vilevile. Siku moja kijana wangu aliliosha kwa ndoo na kijiti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, bonge la udongo likaanguka. Tangu siku ile gari likatulia. Fedha zangu hazikurudi.

Sababu ya pili ni miiba ya mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 ili tupate kuni, nao sasa umejaa kila mahali. Mpira ukitobolewa hufunguliwa, huzibwa na kurudishwa, lakini mara nyingi usawa wake wa kwanza hupotea. Pengine vile vipande vidogo vya risasi vilivyobandikwa katika rimu ili kuisawazisha huanguka njiani. Dawa yake ni kumwomba fundi wa mipira mwenye mashine asawazishe magurudumu upya. Ukitaka kujua gurudumu lenye kosa, hamisha ya mbele kwenda nyuma, kisha endesha tena. Mtetemo ukihama nao kutoka mikononi hadi kitini, umempata mkosaji.

Sasa breki. Diski ya breki yapasa kuwa na unene mmoja pande zote. Tofauti iliyo ndogo kuliko unene wa unywele yatosha kulifanya kanyagio lipige mguu na usukani utetemeke. Diski huharibika kwa kutu, kwa moto mwingi, au kwa nati zilizokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Breki za dramu nazo, zikipoteza uviringo wake, hutetemesha kiti. Fundi hodari huipima diski kabla ya kuuza pedi mpya, kwa maana pedi mpya juu ya diski mbaya haziondoi mtetemo. Lakini fahamuni kwamba magari mengi ya siku hizi yana breki zenye kuzuia magurudumu yasifunge; ukikanyaga kwa nguvu na kwa ghafula, kanyagio hutikisika kidogo, na hilo si kosa.

Nimeacha jambo kubwa nilitaje mwisho, ili lisisahauliwe. Yako mambo mawili yasiyongoja kesho. La kwanza ni nati zilizolegea. La pili ni mpira uliovimba ubavuni. Ikiwa mtetemo huzidi kadiri uendavyo, au umeanza baada ya gurudumu kubadilishwa njiani, simama mahali pa salama uzitazame nati zote. Zikaze kwa kuvuka, hii na ile iliyo mkabala wake, wala si kwa kuzunguka. Kisha, baada ya kilometa 50 hadi 100, zikaze tena. Mpira uliovimba usiutie hewa wala usiuzibe, utoe. Gurudumu litokalo mahali pake kwa mwendo wa kilometa 90, gari likiwa limepakia mama na watoto wa jirani, halirudishwi kwa majuto.

Basi, bwana wetu na aanze kwa nati, kisha maji na kijiti, kisha atazame mipira, kisha asawazishe magurudumu. Akifika kwa fundi, amwambie mwendo, mahali na wakati wa mtetemo; tena ayaandike katika karatasi kabla ya kwenda. Ikiwa baada ya hayo yote gari bado latetemeka, hapo ndipo azungumze habari za shokapu, na mbuzi wake wangali zizini.

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kuijua hewa ipasayo katika mipira, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.