Gesi imeingia jikoni, je, tunajua kuuzima moto wake?

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kiafya ni habari njema, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa huumiza mapafu yako na ya mtoto. Lakini mtungi mara nyingi hufika nyumbani bila maelekezo ya moto.

Shida ni mazoea. Kwenye mkaa tulizoea kumwagia maji. Mafuta ya kukaangia yakiwaka juu ya jiko la gesi, maji ni hatari. Huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka hadi kwa mtoto aliye karibu.

Fanya hivi:

- Mafuta yakiwaka: zima jiko kama unalifikia salama. Funika kwa mfuniko au sinia la chuma. Usibebe sufuria, usifunue hadi ipoe.
- Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watu nje. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni anakochezea mtoto.
- Moto wa umeme: zima swichi kuu kama ni salama. Usimwage maji.
- Nguo zikishika moto: usimwache akimbie. Mlaze chini, mbiringishe.

Mfuniko ukishindwa au moshi ukijaa, acha. Toka na watoto, funga mlango, piga 114 kuita Zimamoto. Usirudi kuchukua kitu.

Mtoto akiungua, poza jeraha kwa maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Vua nguo isiyogandia. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Mtoto akiletwa kituoni amepakwa dawa ya meno, sisi wauguzi huanza kwa kuiosha, na hayo ni maumivu ya pili. Funika kwa kitambaa safi, umwahishe kituo cha afya.

Siku ya kununua mtungi, mwombe muuzaji akuonyeshe jinsi ya kuufunga. Ukifika nyumbani, mwonyeshe kila anayepika, dada wa kazi akiwemo. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa na mtoto moto ukitokea.