Kioo cha simu, bati la Kyerwa na hela isiyotufikia

Mlioko kafe najua dakika zinakwenda, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Juzi nilikuwa Mbagala Rangi Tatu kwa fundi simu. Simu yangu ilianguka kwenye daladala. Kioo hakikupasuka, picha inaonekana safi, ila ukigusa haisikii kitu. Fundi akaibonyeza mara mbili tatu akasema, "Braza, tachi imekufa. Unabadili yote, elfu 65." Simu yenyewe niliinunua laki na 80! Nikamuuliza, hiyo tachi ina dhahabu ndani? Akacheka. Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake ndiye akanijibu: "Ina madini yetu hiyo. Bati la Kagera. Wanachukua kule kwa bei ya bure wanatuuzia huku." Pale kibandani wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Nikalipa roho ikiuma, nikarudi nyumbani kutafuta ukweli. Nilichokiona ni kwamba yule jamaa alikuwa nusu sahihi, na ile nusu aliyokosea ndiyo inayotupoteza.

Tuanze na nusu ya kweli. Kioo cha kawaida hakipitishi umeme. Chuma kinapitisha, ila huoni upande wa pili. Simu inataka vyote viwili: uone picha, na hapo hapo umeme upite ili simu ijue kidole chako kiko wapi. Ndiyo maana ukigusa kwa kucha haikubali, inataka ngozi. Kazi hiyo inafanywa na tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo, la oksaidi ya indiamu iliyochanganywa na oksaidi ya bati. Kwa uzito, indiamu ni kama sehemu tisa na bati sehemu moja. Hata zile simu za Mchina za kuchokonoa na kijiti zilikuwa nalo. Televisheni bapa nazo zinalo.

Kwa hiyo bati limo kweli. Na bati tunalo, Kyerwa kule Kagera wanachimba.

Sasa tupige hesabu, kila mtu na kikokotoo chake. Tabaka lenyewe ni kama nanomita 150, yaani ukiyapanga matabaka 6,000 na ushee ndiyo unapata milimita moja. Kioo cha simu cha sentimita za mraba 100 kinabeba kama miligramu 10 hivi za mchanganyiko huo. Bati humo haifiki miligramu moja. Maana yake tani moja tu ya bati inatosha kupaka vioo zaidi ya bilioni moja! Machi 2022 bati lilifika dola 50,000 kwa tani kwenye soko la dunia. Hata kwa bei hiyo, bati la kwenye kioo changu halifiki nusu shilingi. Indiamu ni ghali zaidi, lakini hata kwa dola 1,000 kilo moja, tabaka moja haifiki shilingi 25. Tuseme simu ina matabaka manne. Bado shilingi 100 hujazimaliza.

Mimi nimelipa elfu 65.

Najua kuna atakayesema, basi twende kwenye sola, kule ni kukubwa. Haya. Paneli nyingi mnazoziona juu ya mapaa ya Chamazi na Tegeta ni za silikoni, umeme wake unakusanywa na vile vimistari vyembamba vya fedha mnavyoviona kwa macho. Hizo za kawaida hazina tabaka hili. Zinazolitumia ni paneli za utando mwembamba, kama za kampuni ya First Solar ya Marekani, ambazo hutumia oksaidi ya bati kwenye kioo. Hapo bati ndiyo kiungo kikuu, ila ni gramu chache tu kwa mita moja ya mraba.

Wengine wamekimbilia grafaiti. "Tuna Mahenge, tuna Ruangwa, na grafini ndiyo itakayokuwa kioo cha kesho." Nimeisikia hii mara nyingi. Grafini ni kweli ni karatasi moja ya atomi za kaboni, inapitisha umeme na mwanga, na waliotengana nayo kutoka kwenye grafaiti pale Manchester mwaka 2004 walipewa Nobeli mwaka 2010. Lakini grafini ya kupaka vioo kwa kawaida haichimbwi. Inaoteshwa juu ya karatasi ya shaba kwa gesi ya methani. Mahenge wala haiulizwi.

Na kama mtu bado anaamini kwamba kumiliki madini peke yake ni utajiri, amtazame Mchina. Kule Kunming kulikuwa na soko la madini adimu linaitwa Fanya. Lilirundika ghalani kama tani 3,600 za indiamu, mzigo wa miaka kadhaa wa uzalishaji wa dunia nzima, likawaahidi wananchi faida nono wakiweka pesa zao. Mwaka 2015 likaanguka, watu wakaandamana wanadai hela zao. Waliopanda mbegu DECI hadi ikafungwa mwaka 2009 wanajua maumivu hayo. Tofauti ni kwamba wale wa Kunming madini yalikuwepo kweli, yamejaa ghala. Hayakuwaokoa.

Sasa hela ya kioo iko wapi? Iko kwenye kupaka. Unachukua chumba unakinyonya hewa yote, unapiga sahani ya ule mchanganyiko kwa gesi iliyochajiwa umeme, atomi zinaruka na kutua kwenye kioo, sawasawa, bila kovu. Mashine ni ghali na ujuzi ni ghali zaidi. Ni sawa na kupiga picha ya pasipoti studio: karatasi ni ya bei ndogo, unalipia kamera, printa na mtu anayejua kuzitumia. Tangu sakata la makinikia mwaka 2017 tumezoea kuuliza kuna nini ndani ya kontena. Swali zuri sana lile. Ila kwa kioo swali lake ni lingine: nani anajua kukipaka?

Na hapa ndipo nilipopata uchungu kuliko ile elfu 65. Wanaojua wapo, hapa hapa Dar. Idara ya Fizikia pale Mlimani imefanya utafiti wa matabaka haya kwa miaka mingi, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden. Moja ya vitu walivyofanyia kazi ni oksaidi ya zinki yenye alumini kidogo, inayoweza kuchukua nafasi ya indiamu kwenye sola. Zinki ndiyo inayopakwa kwenye bati la kuezekea, alumini ni sufuria za mama ntilie. Hakuna cha adimu hapo! Lakini ukiuliza kijiwe chochote Tandika au Mwananyamala kuhusu madini na simu, utasikia Kagera na Mahenge. Mlimani hutaisikia.

Sisemi wachimbaji wa Kyerwa wanyamaze. Wapiganie bei, ila wajue wanauza kwa nani. Karibu nusu ya bati la dunia inakwenda kwenye lehemu, ile ile ya fundi wangu, na ndiyo inayounganisha seli za sola. Machi 2025 vita ilipousogelea mgodi wa Bisie kule Walikale, Kongo, uchimbaji ukasimama hadi Aprili na bei ya bati ikapanda. Waliokuwa na wasiwasi ni watu wa lehemu. Soko la Kyerwa liko huko, na kuyeyusha bati hapa nyumbani ni hoja ya maana.

Lakini sisi vijana wa Temeke na Kinondoni hatuna shimo la bati. Tuna vyeti vya kidato cha nne, diploma za ufundi, na muda mwingi wa kukaa vijiweni. Mbunge akija kuomba kura na wimbo wa "tuna madini ya simu", mimi nitamuuliza ni vijana wangapi wamefundishwa kupaka kioo, na maabara ya Mlimani imeongezewa nini kwenye bajeti.

Nilipoondoka Rangi Tatu kioo changu cha zamani kilitupwa kwenye ndoo, juu ya vingine kama thelathini. Sikukiomba. Thamani yake ilikuwa imeshabaki kwa aliyekipaka.

Nawasilisha. Mwenye hesabu tofauti aiweke hapo chini, tujadili bila matusi.