Nyasi Zikikataa Kivulini, Jaribu Vinka

Je, msomaji, chini ya ule mti wako wa avokado ni udongo mtupu? Umepanda nyasi mara mbili zikafa? Usijilaumu. Nyasi nyingi hutaka jua.

Panda vinka, mmea utambaao, wenye majani ya kijani mwaka mzima na maua ya buluu. Lakini usipewe ile ya Madagaska yenye maua ya waridi. Hiyo, ingawa ndiyo iliyotupa vinkristini, dawa ya watoto wenye saratani ya damu, kivulini hudhoofu.

Ng'oa magugu kwanza, pamoja na mizizi. Mvua ikianza, panda mashina yaliyokwisha kuota mizizi, ukiyaachanisha kwa sentimita 30 hadi 45. Mwaka wa kwanza utapalilia sana. Baadaye vinka itajifunikia ardhi yenyewe.

Sasa tahadhari. Kila shina liguswapo na udongo huota mizizi, na mpaka wa jirani vinka haiujui. Ipunguze kila msimu, wala usitupe mabaki msituni au kando ya mto. Tena ina sumu ikiliwa. Kama nyumbani kuna mtoto wa kutia kila kitu mdomoni, ngoja akue kwanza.