Mto Mkubwa ni Upi?



Juma lililopita binti yangu, aliye darasa la tano, aliniuliza tukiwa mezani: "Baba, mto mkubwa kuliko yote duniani ni upi?" Swali hilo lilinichoma moyo, kwa maana lilinikumbusha kosa nililolitenda nilipokuwa mwalimu, kabla sijahamia kazi ya ofisini.

Katika mtihani mmoja nami niliuliza mto mkubwa wa Afrika ni upi. Wanafunzi wote waliandika Nili, isipokuwa mvulana mmoja aliyeandika Kongo. Nikamkosoa kwa wino mwekundu. Alisimama akauliza: "Mkubwa kwa kipimo gani, Mwalimu?" Nikamwamuru aketi.

Hebu tulijibu sasa swali lake.

Kwa urefu, vitabu vingi huutanguliza Nili, wenye takriban kilometa 6,650. Hufuata Amazon wa Amerika ya Kusini, karibu kilometa 6,400, kisha Yangtze wa China, kilometa 6,300. Kongo una kama 4,700 tu. Hata hivyo urefu nao una ubishi, kwani hutegemea chemchemi ambayo mpimaji anaanzia. Mwaka 2007 wataalamu wa Brazil walitangaza kwamba Amazon una kilometa 6,800. Jambo hili latuhusu sisi Warundi, kwa kuwa chemchemi ya Nili iliyo kusini kabisa iko kwetu Rutovu. Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambua mwaka 1937, na mwaka 1938 ikajengwa hapo piramidi ndogo ya mawe.

Tuache urefu, tupime maji. Chukua pipa la lita 200, kama lile tukingalo maji ya mvua. Nili, ukipimwa Aswan, kwa wastani hupitisha kiasi cha mapipa 14,000 kila sekunde. Kongo humwaga baharini mapipa yapatayo laki mbili kwa muda huohuo, nao una vilindi vipitavyo meta 200. Amazon humwaga mapipa milioni moja! Hapo mwanafunzi wangu alikuwa na haki, na mwalimu wake hakuwa nayo.

Je, umri? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Nili umeshika njia yake ya kaskazini, kutoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa miaka ipatayo milioni 30. Amazon ulianza kuelekea Atlantiki kiasi cha miaka milioni 10 iliyopita, baada ya milima ya Andes kuinuka. Lakini hata mzee huyu Nili ana mkono ulio mchanga: Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Maji ya Rutovu, yapitayo Ruvubu na Kagera hadi ziwani humo, ni wageni katika mto huo wa kale.

Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Ukubwa hauna maana mpaka utajwe unapimwa kwa nini.

Nilimweleza binti yangu jambo moja zaidi. Juu ya safu yetu ya milima, matone mawili ya mvua yaweza kuanguka hatua chache tu moja kutoka kwa jingine. La mashariki litashika njia ya Nili hadi Misri. La magharibi litateremka Ziwa Tanganyika, lipite Lukuga, liingie Kongo na kufika Atlantiki. Mito hiyo miwili tuibishaniayo hunyweshwa na wingu moja.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima. Ikiwa anausoma ukurasa huu, basi ajue kwamba nimeifuta ile alama nyekundu, na ninamwomba radhi. Nanyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto akiuliza "kwa kipimo gani?", msimketishe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tukutane juma lijalo.