Si Kila Kikundi Kilichovunjika Kina Mchawi

Kikundi kikivunjika mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, swali la kwanza barazani ni nani kala fedha. La pili ni nani kaleta fitina. Huwezi kusikia mtu akiuliza kama kazi ya kikundi ilikuwa imekwisha. Tumejengewa imani kwamba kikundi kizuri hakifi, na kikifa basi yupo aliyekiua. Anayejitoa huitwa msaliti. Anayesema tugawane kilichopo tuachane kwa amani hutazamwa kama mchawi. Imani hiyo ni ya uongo na inaumiza watu, na Tabora ulipaswa kuwa mji wa mwisho kuiamini.

Mji huu ulikuzwa na watu waliokutana wakijua kwamba wataachana. Baada ya mavuno wapagazi wa Kinyamwezi walikusanyika, kirangozi akatangulia, wakateremsha pembe za ndovu hadi pwani, safari ya miezi kadhaa. Njiani walikula chungu kimoja, waliuguzana, na posho ilipopunguzwa waligoma pamoja. Waliporudi, kila mtu alishika jembe lake kuwahi mvua. Hapakuwa na msiba wa msafara. Msimu uliofuata uliundwa mwingine, pengine na watu walewale, pengine na wapya. Utaratibu huo ulivuka vizazi, mpaka reli ilipofika hapa mwaka 1912 na kuuondolea kazi. Naamini ulidumu kwa sababu haukumfunga mtu maisha.

Msafara mmoja nautaja kwa heshima ya pekee. Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye wangeweza kutawanyika siku ileile, wala asingepatikana wa kuwalaumu. Badala yake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wakaubeba. Oktoba walifika hapa Unyanyembe wakamkuta mpelelezi Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapahapa. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, wakaukabidhi, na safari yao ikaishia pwani. Watu hao walikataa kuachana kazi ikiwa nusu, na ilipokamilika hawakutafuta kisingizio cha kuendelea kuwa kundi. Ni uaminifu wa namna gani tunaoweza kuwafundisha sisi?

Nitajibiwa kwamba hayo ni ya wapagazi, chama ni jambo jingine. Basi tuitazame TANU. Januari 1958 ilikutana hapahapa Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake, African National Congress. TANU haikufa kwa kuondokewa, na Mtemvu mwenyewe baadaye alirejea. Kisha tarehe 5 Februari 1977 TANU yenyewe ikafika mwisho, ikaungana na chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kuzaa CCM. Haikuwa imeshindwa uchaguzi wala kuishiwa wanachama. Ilikuwa imeshika nchi nzima ya bara. Leo hakuna anayetafuta aliyeiua TANU.

Ninachokipinga mimi ni mwisho wa kunyang'anywa. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mkulima aliyekuwa mwanachama hakuulizwa. Ilibidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe, na imani ya wakulima ilikuwa imeshaumia. Hapo hasira ya watu ilikuwa na haki, kwa sababu mwisho haukuwa wao.

Lakini vikundi vyetu vya mtaani tunavinyima mwisho sisi wenyewe. Akina mama wa kuweka na kukopa wanaelewa zaidi: mwisho wa mwaka wanavunja sanduku, kila mmoja anapewa chake kulingana na hisa, na Januari anayetaka anaanza tena. Aliyechoka anapumzika bila kununiwa. Hakuna mpango wa busara kuliko huo, na bado wapo wanaume wanaoudharau kwa kusema eti vikundi vya wanawake havidumu.

Kwa kikundi cha kufa na kuzikana nakubali kwamba ni vigumu zaidi. Mzee aliyechangia maziko ya wenzake kwa miaka ishirini hawezi kuambiwa Jumapili moja kwamba tumefunga. Kikundi cha namna hiyo kifungwe polepole: kiache kupokea wapya, kitunze akiba ya kuwazika waliobaki, au kiungane na kingine kinachokubali madeni yake. Kinachotokea sasa ni kibaya kuliko kufunga. Watu wanaacha kuja, mwenyekiti anabaki na daftari na muhuri, na siku ya msiba familia inagundua kwamba hakuna kitu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviingiza vikundi vya kijamii vya fedha katika mfumo wa usajili, na katiba zinaandikwa kila siku. Nyingi zinaeleza kwa kirefu kiingilio, faini ya kuchelewa na namna ya kumfukuza mkorofi. Ndugu msomaji, itoe katiba ya kikundi chako leo. Tafuta ibara inayosema anayeondoka anapewa nini, nani ana haki ya kuamua kufunga, na mali itagawanywa vipi. Kama haimo, iandikeni sasa, mkiwa bado mnapendana.