Mtoto wa kifafa arudi darasani

Mtoto akianguka kifafa darasani, wenzake wanakimbilia nje, na mara nyingi mwalimu naye anarudi nyuma. Wanaogopa povu. Kesho yake mzazi anaitwa kwa direkta na kuambiwa kwa upole amweke mtoto nyumbani hadi apone. Kuanzia Lubumbashi mjini hadi vijiji vya Kinsevere, kwenye machimbo ya shaba kilomita 30 hivi kaskazini, hata waliosoma bado wanaamini kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza.

Hayaambukizi. Wala povu, wala mkojo, wala kikombe alichonywea. Kifafa kinatokea pale chembe za ubongo zinaporushiana umeme kupita kiasi kwa ghafla, na umeme huo hautoki kichwani mwa mtu ukaingia kwa mwingine.

Wapo wanaouliza: mbona kuna vijiji ambako wagonjwa ni wengi, hata ndugu wa tumbo moja? Ni swali la haki. Kinachoenea huko ni vyanzo vya kifafa: malaria inayopanda kichwani, mayai ya tegu wa nguruwe yanayomezwa kwa chakula na mikono michafu, uzazi mgumu usio na mkunga, na usubi wa mitoni, ambao watafiti wameuhusisha na kifafa huku kwetu Ituri na kule Mahenge, Tanzania. Mtoto aliyeanguka hakumpa mwenzake chochote.

Wengine wanasema nyumbani atakuwa salama, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nyumbani kuna mbabula yenye makala ya moto, kuna kisima, na mama ameenda shamba au soko. Darasani kuna watu wa kumwona anapoanguka.

Na mambo ya kumfundisha mwalimu ni machache. Sogeza madawati. Weka nguo laini chini ya kichwa chake, mgeuze alale ubavu, usimkandamize, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa: zikipita dakika 5, apelekwe hospitali. Akizinduka, mtu akae naye apumzike, kisha aendelee na hesabu zake.

Fenobabitali inatibu kifafa tangu 1912, na bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Anayempeleka mtoto kwenye maombi ampeleke na kwenye kituo cha afya.

Katiba yetu ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali, wala haikumtoa anayeanguka. Nayo sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Wanaopanga fedha hizo, Kinsevere na kwingineko, waweke kwenye orodha, pamoja na visima na mabati, vidonge vya mwaka mzima kwa watoto hawa na mafunzo kwa walimu wao. Madirekta nao wawaite watoto waliowarudisha nyumbani.