Ghorofa Zimesimama, Mwalimu Yuko Wapi?

Kila inapofika tarehe 23 Septemba wanafunzi wa Unguja na Pemba hukusanywa, wakapangwa mistari, wakapigiwa bendi, na wakasimuliwa tena kwamba siku kama hiyo katika mwaka 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure katika visiwa hivi. Sisi hatuna ugomvi na tarehe hiyo. Mzee yeyote aliyeona mtoto wa mkulima akikosa skuli kwa kukosa ada hawezi kuicheka. Lakini tamko ni tamko na mwalimu ni mwalimu. Katika miaka ile ile ya mwanzo walimu wengi wenye ujuzi waliihama nchi, wengine wakaenda Uingereza na wengine Ghuba, na skuli zilizofunguliwa milango kwa watu wote zikabaki mikononi mwa vijana waliotoka darasani jana na kuambiwa wafundishe leo. Tangu hapo serikali yetu imeshika mwendo mmoja isiouacha: hutangaza kwanza, hujenga baadaye, na mwalimu humkumbuka mwisho, ikiwa itamkumbuka.

Leo tunataka kusema juu ya watoto wadogo kabisa, wale wa miaka minne na mitano, kwa sababu hao hawana wa kuwasemea.

Katika Sera ya Elimu ya mwaka 2006 serikali iliandika kwa mkono wake kwamba maandalizi, ile miaka miwili kabla ya darasa la kwanza, ni sehemu ya elimu ya lazima. Neno hilo lina pande mbili. Likiwa linamfunga mzazi ampeleke mtoto wake, basi linamfunga pia yule aliyelitamka aweke mtu wa kumpokea mtoto huyo. Jee, aliwekwa? Nyingi katika skuli za maandalizi za visiwa hivi zikawa za watu binafsi na za madrasa; na huko mashamba, ambako hakuna mtu binafsi anayeona faida ya kufungua skuli, kazi ikaachiwa vituo vya Tutu.

Msomaji wetu wa mjini pengine hajapata kukiona kituo cha Tutu. Jina hilo ni kifupi cha Tucheze Tujifunze. Mpango wenyewe ulianza katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa wafadhili wa nje, na ulikuwa na akili ndani yake: pahala pasipo na skuli karibu, wanakijiji watafute baraza, au banda, au kivuli cha mwembe, wamchague mmoja wao wanayemwamini, masomo yaje kwa redio, na yule aliyechaguliwa aimbe, acheze na ahesabu pamoja na watoto kama redio inavyomwelekeza. Hatuubezi mpango huo. Watoto wengi walijua herufi kwa ajili yake.

Lakini tutazame ni nani aliyesimama mbele ya watoto hao. Mara nyingi ni mwanamke wa mtaa ule ule, msichana aliyemaliza skuli akakosa kazi, au mama mwenye watoto wake nyumbani. Anafagia banda kabla hawajafika. Anawafuta kamasi, anawatenganisha wanaogombana, anamrejesha kwao aliyepatwa na homa. Mwisho wa mwezi anangoja michango ya wazee wa watoto. Na wazee hao wanapata wapi? Katika vijiji vingi vya pwani akina mama ndio wanaolima mwani. Bei ya mwani ikianguka, na imeanguka mara nyingi, mchango haupatikani. Kwa hivyo mshahara wa anayemfundisha mtoto wako kushika kalamu umefungwa kamba moja na mwani ule, na anayeamua bei yake ni mnunuzi aliye ng'ambo ambaye hata hajui kama kuna kijiji hicho duniani.

Mei Mosi ya mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali Zanzibar kitakuwa Shilingi 347,000 kwa mwezi. Tulifurahi, na furaha yetu haikuwa ya uwongo. Lakini mwanamke huyu wa Tutu hakuwemo katika hesabu hiyo, kwa sababu serikali haimwiti mtumishi, inamwita mtu wa kujitolea. Neno zuri sana hilo. Mwenye kujitolea husifiwa hadharani, hupewa cheti na kanga siku ya sherehe, na kesho yake hurudi bandani na njaa yake. Sisi tunauliza: kazi ambayo sera ya nchi imeiita ya lazima, kwa sheria gani hugeuka kuwa hisani pale inapofika zamu ya kuilipia?

Tutaonyeshwa ghorofa. Tunazijua, tunapita mbele yake kila siku. Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa Dola milioni 567 kwa Tanzania kwa sababu ya maradhi ya Uviko, na Zanzibar ikapata fungu lake, na katika fungu hilo yakajengwa madarasa. Majengo ni mazuri, na mtoto aliyekuwa akisoma mkondo wa jioni katika chumba kilichojaa hadi dirishani ana haki ya kuyafurahia. Lakini fedha ya mkopo hujenga mara moja, ukuta ukasimama, utepe ukakatwa, picha ikapigwa. Mshahara wa mwalimu hauna utepe. Hutakiwa mwezi huu na mwezi ujao na miaka thelathini baadaye, na hutoka katika bajeti ya kawaida, ile ambayo hakuna mgeni anayeisaidia na hakuna kiongozi anayepigwa picha nayo. Hapo ndipo ulimi wa serikali unapokuwa mzito.

Na hata kuta hizo, nyingi katika mashamba zilianzishwa na wananchi. Desturi ni kuwa wanakijiji wachange mawe, mchanga na nguvu zao mpaka ukuta ufike usawa wa linta, khalafu serikali ndiyo iezeke na kumalizia. Ushirikiano huo ni mwema na hatutaki ufe. Tunalolikataa ni kuambiwa kwamba michango ya skuli za msingi ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2015/16, na huku katika skuli tunazozijua mchango ule ule umerudi kwa mlango wa nyuma, mara hela ya kutoa karatasi za mtihani, mara hela ya mlinzi, mara hela ya mwalimu wa kujitolea.

Serikali haiwezi kusema kwamba ilighafilika. Katika sensa ya mwaka 2012 tulihesabiwa watu 1,303,569. Katika sensa ya Agosti 2022 tukahesabiwa 1,889,773. Karani alipita nyumba kwa nyumba akauliza jina la mtoto na umri wake. Mtoto aliyehesabiwa usiku ule akiwa mchanga mikononi mwa mama yake anatimiza miaka minne mwaka 2026. Serikali ilijua kwamba amezaliwa, ilijua shehia yake, na ilipewa miaka minne ya kumtafutia mwalimu mmoja. Vijana wenye vyeti vya ualimu nao wamekaa vibarazani wakingoja majina yao yatoke.

Matokeo yake mwulize mwalimu wa darasa la kwanza. Siku ya kwanza anapokea watoto waliokaa miaka miwili katika maandalizi ya kulipia, na hao wanasoma tayari. Anapokea waliopitia kituo kilichofungwa katikati ya mwaka kwa sababu mwalimu wake aliolewa, au alichoka. Na anapokea wasiopata kuishika kalamu hata siku moja. Wote ni wa chumba kimoja na kitabu kimoja. Wa mwisho hawa ndio watakaoitwa wazito baadaye, na wazee wao watalaumiwa.

Tunataka mambo mawili, wala si makubwa. La kwanza, kila mtu anayefundisha maandalizi katika skuli ya serikali au kituo cha Tutu asomeshwe kazi yake na aingizwe katika orodha ya mishahara. La pili, Wizara itangaze skuli kwa skuli, kituo kwa kituo, idadi ya walimu wanaolipwa na serikali, idadi ya wanaolipwa na wazee, na idadi ya wasiolipwa na mtu.

Wizara ikikaa kimya tutaianza hesabu hiyo wenyewe. Ndugu msomaji, nenda katika shehia yako, uliza, andika katika karatasi jina la skuli na idadi hizo tatu, umpe aliyekuletea gazeti hili. Majina ya walimu usiyaandike, wasije wakasumbuliwa. Tutazichapa hesabu hizo kabla ya Baraza la Wawakilishi kukaa kwa bajeti, ili Mheshimiwa Waziri atakaposimama kusoma yake, wananchi wawe na yao mikononi.